Kiti cha Mbele: Abiria wa Isiolo na Njia ya Kaskazini

Kwa miaka mingi lami iliyotoka Nairobi ilikomea Isiolo. Nyumba za mwisho za mji zilipokwisha, upande wa kaskazini, palikuwa na kizuizi cha polisi, na kuanzia hapo barabara ilikuwa changarawe, vumbi na mawe kwa kilomita zipatazo 500 hadi Moyale, mpakani mwa Ethiopia. Malori yalipanga foleni kwenye kizuizi hicho yakisubiri ruhusa, na abiria wakagawanyika makundi mawili. Wachache waliketi ndani, ubavuni mwa dereva. Wengine wote walikwea juu, wakashikilia vyuma vilivyopita juu ya magunia ya unga au juu ya migongo ya ng'ombe. Nauli ya mbele ilizidi ya juu, lakini pesa peke yake hazikumpa mtu kiti hicho. Ilibidi ajulikane.

Kumtunza msafiri wa mara kwa mara ni kazi ambayo makampuni makubwa ya dunia yameipangia mifumo kamili. American Airlines ilianza kuwahesabia wateja wake maili mwaka 1981, na kampuni nyingine za ndege, hoteli na meli za anasa zikafuata mkondo huo: mteja hupewa kadi, kadi hupanda daraja, na daraja humfungulia mtu mlango wa ukumbi wa kupumzikia au humhamisha kutoka chumba kisicho na dirisha hadi chenye roshani inayotazama bahari. Wakenya wengi wameizoea hesabu ya aina hiyo kupitia Bonga Points za Safaricom, zilizoanza mwaka 2007. Njia ya kaskazini ilikuwa na madaraja yake muda mrefu kabla ya hapo. Hayakuandikwa popote. Yalikaa kichwani mwa dereva na taniboi wake, na kwa mtu aliyekuwa na siku mbili au tatu za jangwa mbele yake, yaliamua kama angefika akiwa mzima au akiwa hoi.

Isiolo yenyewe ni mji uliozaliwa na safari za watu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliwapa makazi hapo askari wa Kisomali waliokuwa wametumikia King's African Rifles. Pakawekwa karantini ya mifugo, kisha makao ya utawala wa Northern Frontier District, ile NFD ambayo wazee wa kaskazini bado huitaja kwa herufi zake. Eneo lote lilifungwa kwa sheria. Sheria ya wilaya za pembezoni ya mwaka 1902 ilikataza watu kuingia au kutoka bila kibali, na ile ya wilaya maalumu ya mwaka 1934 ikawapa maofisa nguvu zaidi juu ya nyendo za wafugaji. Kwa hiyo safari ya kaskazini ilianza na karatasi kabla ya kuanza na nauli. Wengine hata hawakuiomba safari hiyo. Harry Thuku, aliyekamatwa Nairobi mwaka 1922 kwa kupinga kipande na kodi, alipelekwa uhamishoni pwani na hatimaye Marsabit, akakaa huko hadi mwishoni mwa mwaka 1930.

Ofisa wa kikoloni aliyepangiwa kazi Isiolo alikuwa akisafiri kwa madaraja tangu kwao. Alishuka Mombasa kutoka meli ya British India au ya Union-Castle, akapanda treni ambayo behewa lake la daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, na la tatu la Waafrika. Alishuka Nanyuki mwisho wa reli, na kutoka hapo akaketi mbele ya lori huku askari, mpishi na mizigo vikienda nyuma. Ikiwa safari yake ilimpeleka mbali zaidi, kule magari yasikofika, alifuatana na ngamia na dubas, askari wa utawala waliojulikana kwa vilemba vyao vyekundu. Rangi ya ngozi ndiyo iliyokuwa tiketi, na tabia ya kumtenga mtu mmoja mbele na wengine nyuma ilibaki barabarani hata baada ya walioianzisha kuondoka.

Meli hizo zilikuwa na hatima yao. S.S. Uganda ya British India, iliyoanza safari za Afrika Mashariki mwaka 1952, ilijengwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo, wenye vyumba vyao na wahudumu wao. Ndege zilipowachukua abiria wake, mwishoni mwa miaka ya 1960 iligeuzwa meli ya matembezi iliyobeba wanafunzi pamoja na watalii.  Anasa yake yote haikuweza kuwazuia watu wasihamie chombo kilichofika haraka. Jambo hilo lilikuja kutokea Isiolo pia, kwa vyombo visivyo na anasa hata kidogo.

Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyoifanya njia ya ngamia kuwa njia ya malori. Mwezi Julai 1940 Waitalia waliiteka Moyale, na nchi yote kame kutoka Isiolo kwenda juu ikajaa majeshi. Wahandisi wa Afrika Kusini walitengeneza barabara na kuchimba visima, na Februari 1941 Moyale ikakombolewa. Amani iliporudi, wafanyabiashara wa Kisomali, Kiburji, Kiarabu na Kihindi waliitumia njia ile ile kupeleka sukari, majani ya chai, unga na nguo, na kuteremsha ng'ombe na mbuzi. Abiria alikuwa nyongeza tu juu ya shehena. Maneno “juu ya shehena” yaeleweke kama yalivyo: lori liliondoka shehena ilipotimia, na mtu alipanda juu yake.

Uhuru haukuifungua njia. Vita vya Shifta, vya watu wa NFD waliotaka kujiunga na Somalia, vilianza mwaka 1963 na mapatano yakaja 1967, lakini sheria za hali ya hatari ziliendelea kaskazini hadi mwaka 1991. Mwaka 1965 serikali ilitoa Waraka Na. 10, uliosema fedha za maendeleo zielekezwe sehemu zenye ardhi ya rutuba, mvua na njia za usafiri, kwa matumaini kwamba faida ingewafikia wengine baadaye. Isiolo ilibaki mlangoni. Watu wa Marsabit na Moyale waliokuwa wakielekea Nairobi walisema wanakwenda Kenya, na hawakuwa wakitania.

Kisha wakaja majambazi wa barabarani, na pamoja nao msafara. Kwa miaka mingi magari ya kaskazini yaliondoka Isiolo kwa pamoja, yakiwa na polisi wenye bunduki. Kuanzia hapo kiti hakikuwa suala la starehe peke yake. Lori la mwisho lilikula vumbi la yote yaliyotangulia, na lile la kwanza lilikuwa la kwanza kukutana na risasi. Abiria mzoefu aliulizia mapema lori lake lingekuwa la ngapi. Njia ilipita Archer's Post, Merille, Laisamis, kisha mlima wa Marsabit wenye ukungu na baridi. Baada yake Bubisa, jangwa la Dida Galgalu na mawe yake meusi, Turbi, na njia ya Sololo. Aliyekuwa juu alichomwa na jua mchana na kupigwa na upepo usiku, miguu ikining'inia juu ya pembe za ng'ombe, mikono ikifa ganzi kwenye chuma. Kulala usingizi kulimaanisha kuanguka.

Katika hali hiyo, mteja wa kudumu alipata nini?

Alipata habari kwanza. Lori halikuwa na ratiba, na kujua kwamba fulani anaondoka alfajiri kulikuwa na thamani kubwa. Dereva alimtuma kijana hadi nyumbani kwa mteja wake, akagonga mlango, naye akatoka na mzigo uliokwisha kufungwa. Yule asiyejulikana alikesha karibu na kizuizi, pengine usiku mmoja, pengine mitatu, akiuliza kila lori. Alipata pia imani ya kukopeshwa. Mfugaji aliyeshusha mbuzi kumi hadi soko la Isiolo aliweza kulipa nauli yake baada ya kuwauza, kwa kuwa dereva alimjua yeye, baba yake na kisima anachonyweshea. Na kama mteja mwenyewe hakusafiri, kitu chake kilisafiri: barua, dawa ya mgonjwa, karo ya mtoto, funguo, ujumbe wa msiba. Posta ilikuwapo, simu zilikuwapo katika vituo vya serikali, lakini bahasha iliyowekwa chini ya kiti cha dereva ndiyo iliyofika.

Mwenye miraa alikuwa na daraja la peke yake. Mzigo wake unatoka milima ya Nyambene, upande wa Maua, na hauvumilii kucheleweshwa. Baada ya siku mbili hivi majani na vijiti hupoteza nguvu na bei yake huporomoka. Dereva aliyeupokea alijua kwamba hatasimama ovyo njiani. Kwa sababu hiyo wauzaji wa miraa wa Isiolo, wengi wao wanawake, walikuwa na madereva wao kama vile mtu anavyokuwa na fundi wake wa cherehani, na gari lililowahi mara zote lilipewa mzigo kwanza hata pale lingine lilipotoza nauli nafuu. Hapa uaminifu wa mteja ulikuwa na nguvu za kweli za kibiashara. Aliyechelewesha gunia mara mbili hakupewa la tatu.

Wasafiri wengine wa mara kwa mara walikuwa walimu na wauguzi waliotumwa kaskazini, na wanafunzi wa shule za bweni, waliojaa Isiolo kila muhula ulipofunguliwa. Mwalimu mgeni alikwea juu safari yake ya kwanza. Akirudi mara ya pili na ya tatu, dereva alimsalimu kwa jina la shule yake. Baada ya mwaka mmoja alikuwa ameketi mbele, akinywa chai ya maziwa ya ngamia na dereva, na kwenye hoteli ya njiani wenye hoteli walimwekea kitanda kwa sababu aliingia na mtu wao. Desturi ya wenye hoteli kumlisha dereva bure ili awaletee abiria inajulikana kote Afrika Mashariki; huko kaskazini, ambako hoteli zilikuwa chache, sehemu ya ukarimu huo ilimfikia pia rafiki wa dereva.

Wazee wanaoikumbuka enzi hiyo huizungumzia kwa mapenzi, na wana haki. Walivushwa jangwa na watu waliowajua. Lakini kumbukumbu hiyo ina upungufu wake, na ni lazima usemwe. Wanaosimulia zaidi ni waliokuwa mbele. Mwanamke aliyesafiri peke yake, mgonjwa aliyeteremshwa kutoka Sololo kutafuta hospitali, kijana wa Kirendille au wa Kiturkana asiye na ndugu katika biashara ya malori, hao wote walitegemea huruma ya siku hiyo. Desturi ilimtaka dereva amweke ndani mama mwenye mtoto mchanga, na madereva wengi waliifuata. Hata hivyo desturi si haki. Chifu au ofisa alipotokea dakika ya mwisho, mtu fulani alihamishwa juu, na huyo hakuwa tajiri wa miraa. Mfumo uliomtuza anayejulikana ulimwadhibu mgeni, na nchi ile ilikuwa imejaa watu ambao serikali yenyewe iliwahesabu wageni.

Mabadiliko yalianza taratibu. Mwaka 2004 kanuni za waziri John Michuki zilianza kutekelezwa nchini kote: mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, kila abiria na kiti chake. Zilitikisa matatu za Nairobi na za Meru, na kati ya Isiolo na Nairobi msafiri aliuona utaratibu mpya mara moja. Kaskazini mwa kizuizi zilikuwa na athari ndogo, kwa kuwa lori la ng'ombe halina mikanda. Kilichohitajika kilikuwa barabara.

Kazi ilianza mwaka 2007, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika: kilomita 136 kutoka Isiolo hadi mto Merille, zilizojengwa na China Wu Yi. Sehemu nyingine zikafuata, Merille hadi Marsabit, Marsabit hadi Turbi, Turbi hadi Moyale, na kufikia mwaka 2017 lami ilikuwa imeunganisha Isiolo na mpaka. Safari iliyochukua siku mbili au tatu ikawa ya siku moja. Mabasi yakaingia, mengine yakitokea Eastleigh, Nairobi, moja kwa moja hadi Moyale, na Isiolo, iliyokuwa mahali pa kusubiri, ikawa mahali pa kunyoosha miguu kwa dakika chache.

Tiketi ikawa na namba. Jambo hilo dogo liligeuza mambo mengi. Namba ya kiti haiulizi mtu ni mtoto wa nani. Mama anayekwenda kliniki Isiolo analipa kwa M-Pesa, anapewa kiti, anakikuta. Mwanafunzi wa Marsabit anajua saa ya kuondoka, na mzazi wake anajua saa ya kufika. Wapo wanaosikitika kwamba makanga wa leo hana muda wa kumsikiliza mtu, kwamba mkopo wa nauli umekwisha, kwamba bahasha sasa hupimwa na kutozwa ada ya kifurushi. Malalamiko hayo ni ya kweli. Ukiyaweka kwenye mizani pamoja na siku tatu za kushikilia chuma, mizani inaegemea upande wa namba ya kiti, na waliofaidika zaidi ni wale ambao hawakuwahi kuitwa mbele.

Ushindani umeleta matakwa mapya. Abiria wa kila wiki wa njia hii wanaangalia kama basi lina mahali pa kuchaji simu, kama viti vinalala, kama linasimama kwa swala kwa muda unaotosha na kwenye hoteli yenye chakula halali. Wanaangalia dereva ni nani. Hilo halijafa: jina la dereva mwangalifu bado hujaza basi, na mteja mzuri bado ana namba ya simu ya makanga, ambaye humwekea kiti cha karibu na mlango bila kulipa mapema. Fadhila za zamani zimehamia kwenye simu.

Kuna jambo moja ambalo lami haikuliondoa, na wasafiri wa kaskazini hulitaja kabla ya viti na chaji. Ni kushushwa njiani. Kati ya Moyale na Isiolo basi limekuwa likisimamishwa mara kwa mara, abiria wakaambiwa washuke na vitambulisho mkononi, na aliye Msomali au Mborana akahojiwa zaidi ya jirani yake. Hakuna starehe ya ndani ya gari inayofidia fedheha hiyo, na hakuna kampuni ya basi inayoweza kuiondoa peke yake. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kufutwa kwa upekuzi wa ziada waliofanyiwa wakazi wa kaunti za mpakani walipoomba vitambulisho, hatua iliyodaiwa kwa miongo mingi. Kwa msafiri wa kawaida, kipimo cha huduma kitakuwa idadi ya mara atakazobaki ameketi kutoka Moyale hadi Isiolo.

Waliotaka daraja la juu zaidi waliahidiwa ndege. Isiolo iliingizwa katika mradi wa ukanda wa bandari ya Lamu, LAPSSET, uliozinduliwa Lamu mwezi Machi 2012, kama njia panda ya reli na barabara na kama mji wa kitalii. Mwaka 2017 uwanja wa ndege wa kimataifa ulifunguliwa, jengo jipya lenye nafasi ya abiria wengi, na njia ya kurukia ya kilomita 1.4, ambayo ni fupi kwa ndege kubwa za mizigo zilizotarajiwa kubeba nyama na miraa. Fly-SAX ilianza safari za kwenda Nairobi, nazo hazikudumu. Watalii wa hifadhi za Buffalo Springs, Shaba na Samburu hutua kwenye viwanja vidogo vilivyo karibu na kambi zao, ambako mgeni anayerudi hupokelewa kwa jina na kuketishwa meza ile ile ya mwaka uliopita. Wafanyabiashara wa Isiolo, ambao wangeweza kuwa abiria wa kudumu wa ndege, walipiga hesabu na kubaki barabarani. Kiwanja kilijengwa kabla ya kuulizwa nani atapanda, na hilo ni kosa la mipango ambalo watu wa mji huo hawakulifanya wao.

Upande wa mashariki wa kaunti ya Isiolo hali ni nyingine kabisa. Anayekwenda Merti au Garba Tulla hakurithi lami ya Moyale. Septemba 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 750 kwa barabara ya kutoka Isiolo kupitia Kulamawe na Modogashe hadi Wajir na Mandera, na Garba Tulla imo katika ukanda huo. Merti iko kando yake, kwenye mto Ewaso Nyiro. Mvua ikinyesha, njia yake hufungwa na matope, na gari linalopita ni Land Cruiser ya mizigo au lori. Huko bado abiria humpigia dereva simu jioni ya kuamkia safari, bado mwenye miraa hupakia kwanza, na bado anayeketi mbele ni yule anayejulikana.